Ombi la Kuandikisha Taa Kuwa Mkuu wa Kaya

Ghati Nchagwa (mjane),
Kitongoji cha Mlimani,
Kijiji cha Nyabikoro.
14 Mei.

Afisa Mtendaji wa Kijiji,
Ofisi ya Kijiji,
Nyabikoro.

Ndugu Afisa Mtendaji,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KIKAO CHA UKOO KILICHOIKATAA TAA YANGU, PAMOJA NA OMBI LA KUIANDIKISHA KUWA MKUU WA KAYA

Kichwa hicho ni kirefu. Nimekipunguza mara mbili na bado kimegoma, naomba radhi.

Natumaini ofisi haijambo na paa limeacha kuvuja kwenye meza ya karani Gloria. Huku kwangu mahindi yamefika kiunoni na palizi ya pili imeisha. Najua wewe ni Vicent, mtoto wa mwenzangu wa kwaya, na tukikutana njiani ni wewe unayeniamkia. Lakini leo nakuandikia kama serikali. Kwa hiyo naomba usinijibu kwa mdomo ukiwa juu ya pikipiki, kama ulivyofanya kwenye lile suala la choo cha mnadani. Naomba jibu la karatasi lenye mhuri, hata kama ni la kunikatalia.

Ofisi inakumbuka kwamba mume wangu Nchagwa alifariki mwaka jana mwezi wa pili. Alikuwa fundi redio pale senta. Sioni haja ya kumweleza sana, kwa sababu nyumba nyingi za hapa zina redio ambayo ndani yake mna waya aliouunga yeye. Nitataja mambo mawili tu. Alipofungua redio alikuwa anapanga skrubu kwenye kifuniko cha kopo kwa jinsi zilivyotoka, moja nyuma ya nyingine, kama watoto wanaokwenda kunywa uji shuleni. Na mvua ilipoanza kugonga bati alikuwa anapunguza sauti ya redio. Nikimuuliza anasema, "Tusikilize hii kwanza, haili betri." Basi, narudi kwenye malalamiko.

Tarehe 2 Machi mwaka huu, baada ya mwaka wa msiba kwisha, kikao cha ukoo kilikaa nyumbani kwangu chini ya Mzee Nyangwine, ambaye ni baba mdogo wa marehemu. Kikao kilisema nyumba haiwezi kukaa bila mwanaume. Mimi nina binti wawili, Neema na mdogo wake, wote wameolewa Tarime, na sina mtoto wa kiume. Kwa hiyo nirithiwe na shemeji yangu Kisyeri, mdogo wa marehemu. Nikikataa, nyumba na shamba vitakuwa mikononi mwa Kisyeri na mimi nitarudi kwa kaka zangu kule Genkuru. Nimepewa hadi tarehe 28 Mei.

Ndugu Afisa Mtendaji, nyumba hii niliikandika mimi, na alama za vidole vyangu bado zipo nyuma ya kabati. Genkuru niliondoka nina miaka kumi na tisa. Kaka zangu ni watu wazuri, lakini chumba changu walishakigeuza kuwa cha mbuzi, na siwalaumu, maana hata mbuzi wanahitaji pa kulala.

Sikubisha kwenye kikao. Niliuliza tu, kwa adabu, mwanaume anafanya nini ndani ya nyumba, ili nielewe nimepungukiwa na kitu gani. Mzee Nyangwine alihesabu kwa vidole. La kwanza, anakesha. La pili, anaogopwa. La tatu, mgeni akibisha hodi yupo wa kuitikia. La nne, ana neno la mwisho. Nikayaandika nyuma ya kalenda, wazee wakafurahi kuona naandika.

Kwenye sanduku la marehemu kulikuwa na daftari la mistari. Ukurasa wa kumi na saba una mchoro, na juu yake ameandika: "Taa ya kukonyeza, ya yule wa baa ya Mugumu, Krismasi." Ni ile taa ya disko, inayowaka na kuzima haraka haraka, na unaweza kuiongeza au kuipunguza kasi. Yule wa baa hakurudi, mchoro ukabaki. Mimi nimeishia darasa la saba. Lakini kwa miaka ishirini na sita nilimshikia marehemu tochi akichomelea, na anayeshika tochi huona kila anachokiona fundi, isipokuwa yeye hapewi soda na mteja.

Nilisafiri hadi Tarime mjini, pale Bomani, kutafuta kidude cheusi chenye miguu minane ambacho daftari linakiita 555. Muuzaji akaniuliza, "Mama, umetumwa na fundi?" Nikamwambia ndiyo, na sikuona kwamba nimesema uongo. Taa kumi na mbili ndogo za LED nilizing'oa kwenye tochi mbovu ambazo wateja waliziacha mezani kwake wasizifuate tena. Kopo la maziwa ya unga likawa nyumba ya mashine, na mfuniko wa sufuria ukawekwa nyuma ya taa ili usukume mwanga mbele. Umeme ni wa betri ya pikipiki inayochajiwa na sola iliyo juu ya banda la kuku. Kile cha kuzungusha, cha kuongezea na kupunguzia kasi, nilikitoa kwenye redio yetu wenyewe, upande wa sauti. Kimelika sehemu moja, pale alipokuwa anaweka kidole gumba.

Nilichomelea vibaya mara tatu, nikaunguza kidole na kitambaa cha meza cha harusi yangu. Mara ya nne jirani yangu Tabitha ndiye aliyeshika tochi. Taa ikakonyeza. Tabitha akasema, "Mama wee, imetuona!" akaenda kusimama nyuma ya mlango.

Ukizungusha kushoto kabisa, inakonyeza polepole kama mtu anayewaza. Katikati, ni kama mtu anayepita pita mbele ya kibatari akitafuta shati. Ukifika mwisho wa kulia, ni kama mtu aliyeambiwa sasa hivi kwamba ng'ombe wake wameonekana Sirari, mpakani. Niliiweka sebuleni nyuma ya pazia, ikitazama njia. Daftari linasema mwenye kifafa asitazame taa ya namna hii, kwa hiyo nimeandika kibao nikakitundika mlangoni.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba sifa za mwanaume zilitolewa na kikao chenyewe, na taa inazo.

Kikao kilisema anakesha. Taa inakesha. Naomba ofisi iulize kama kuna mwanaume wa kitongoji hiki aliyewahi kukesha siku saba mfululizo bila kuwa msibani au kilabuni. Kikao kilisema anaogopwa. Tangu taa iwekwe, yule bwana aliyekuwa anajikatia nyasi kwenye shamba langu bila kuomba ameanza kunisalimia akiwa upande wa pili wa barabara, tena kwa kuvua kofia. Kuhusu kuitikia hodi nakubali kuna upungufu, kwa kuwa taa haisemi. Lakini marehemu naye hakuwa msemaji. Ukibisha hodi alikuwa anakohoa tu, na kwa miaka ishirini na sita hakuna kikao kilichokaa kwa ajili hiyo.

2. Kwamba shemeji yangu Kisyeri ameanza kurithi kabla ya tarehe, tena kidogo kidogo.

Kwanza aliacha mabuti ya mvua, akasema yana tope, atayafuata. Wiki iliyofuata akaleta kiti chake, akasema vya kwangu vinamuumiza mgongo. Kisha ukaja mswaki. Ndugu Afisa Mtendaji, mswaki si kitu ambacho mtu anakisahau kwa jirani. Nilimuuliza kwa upole, akanijibu, "Shemeji, acha wasiwasi, mambo yanakwenda taratibu." Ninachoomba kionekane hapa ni kwamba taa imekaa kwangu muda huo wote na haijaleta hata kijiko.

Nisieleweke vibaya. Kisyeri si mtu mbaya. Siku ya mazishi alichimba kaburi la kaka yake na hakukubali kumpokeza mtu jembe mpaka mikono ikatoka malengelenge. Simshitaki kwa chuki. Mke wake Eunice pia ni mtu mwema. Alinikuta kisimani akaniambia, "Dada Ghati, hiyo taa yako ikihitaji mtu wa kuishikia waya, niite hata kama napika." Kauli hiyo naiweka kama ushahidi, kwa kuwa Eunice kikao hakikumuuliza chochote.

3. Kwamba nashitakiwa kwa makosa mawili ambayo hayawezi kukaa pamoja.

Tarehe 11 Aprili, saa moja jioni, Kisyeri alifika kwenye mlango wa ua akasimama. Taa ilikuwa katikati.

"Shemeji, nani huyo ndani?"

"Yupo," nikasema.

"Yupo nani?"

"Karibu umsalimie."

"Mbona hatulii? Anatafuta nini?"

Hapo nilizungusha kidogo kulia. Kisyeri akasema amekumbuka hakufunga banda la ndama, akaondoka kwa mwendo ambao sijauona tangu akiwa kijana wa kucheza mpira. Kesho yake senta nzima ikajua nina mwanaume. Jumapili, kabla sijafika kwenye benchi la kanisa, watu sita walikuwa wameniuliza jina lake na mmoja aliniuliza kama anasali.

Basi mbele ya ukoo nina kosa la kukaa bila mwanaume, na hapo hapo nina kosa la kukaa na mwanaume. Naomba kikao kichague kimoja. Nikijua kosa langu ni lipi nitalijutia vizuri.

4. Kwamba taa ilijaribiwa na wazee, ikashinda, na bado ikakataliwa.

Tarehe 20 Aprili, saa tisa alasiri, wazee watano walikuja pamoja na Kisyeri wakataka mtu huyo atolewe nje. Nikamtoa nikiwa nimembeba kwenye sinia. Wakainama wote kumtazama.

"Mama Neema," akasema Mzee Nyangwine, "hili ni kopo la maziwa."

"Ndiyo, baba."

"Na huyu ndiye aliyemkimbiza Kisyeri?"

"Sikukimbia," akasema Kisyeri. "Nilikuwa na ndama."

Wazee wakataka kuiona ikifanya kazi. Nje kulikuwa na jua, kwa hiyo tuliingia wote kwenye ghala la mahindi tukafunga mlango. Kisyeri aliingia na baiskeli yake, kwa sababu iliwahi kuibwa akiwa kwenye mkutano wa ulinzi shirikishi, na tangu ipatikane haiachi nje. Mnyororo ulikuwa umechomoka. Akaigeuza juu chini airekebishe wakati tunasubiri, akazungusha pedali kwa mkono, gurudumu la nyuma likawa linazunguka kwa kasi. Mimi nikawasha taa nikawa natafuta mwendo. Nilipozungusha kidogo kupita katikati, njiti za gurudumu zikasimama. Tena zikasimama wima, unaweza kuzihesabu.

"Imesimama," akasema Kisyeri.

Nikamwambia asiguse. Nikamwambia mara mbili. Lakini yeye ni mtu wa kuhakikisha, akapeleka kidole, na njiti zikamchapa kidole chote, maana gurudumu lilikuwa halijasimama hata kidogo. Akaruka mpaka kwenye magunia. Nikaongeza kasi kidogo, gurudumu likaanza kurudi nyuma, polepole, kama baiskeli iliyobadili mawazo.

Nilifungua daftari la marehemu nikawasomea kwa sauti: taa ikiwaka kila wakati njiti moja inapofika mahali palipokuwa na nyingine, jicho linadanganyika na kuona zimesimama. Hakuna aliyenisikiliza. Mzee mmoja alisema hii si taa ya kawaida. Mzee Nyangwine akamkatisha, akasema ina waya, hata redio yako ina waya, tulia. Kisha akamwambia Kisyeri, "Mura," yaani kijana, "hebu zungusha tena." Kisyeri akazungusha. "Tena." Alizungusha mara saba, na kidole chake kimefungwa kwa ganda la hindi. Kila mzee alitaka kushika kile cha kuzungusha yeye mwenyewe, wakapokezana, wengine walirudia foleni. Mzee mmoja aliomba tujaribu na mkia wa ndama, tukajaribu, haikufaa kwa kuwa ndama hakubali kwenda kwa mpangilio.

Mwisho Mzee Nyangwine alisema, mbele ya mashahidi wote hao: "Kisyeri, hii baiskeli umeikanyaga miaka kumi, haijawahi kukutii namna hii."

Ndugu Afisa Mtendaji, mimi naona hilo ndilo neno la mwisho, na alilisema mwenyekiti.

Pamoja na hayo, walipotoka nje kwenye mwanga kikao kilisema taa haiwezi kuwa mwenye nyumba kwa sababu haina ukoo. Hapo ndipo nilipoumia. Taa hii imechorwa kwa mkono wa Nchagwa, imetengenezwa kwa tochi zilizotoka kwenye meza ya Nchagwa, na inazungushwa kwa kitu kilicholika kwa kidole cha Nchagwa. Mimi nilikuja ukoo huu kwa kuolewa. Taa imezaliwa humu.

Kwa kuwa nimekusudia kusema yote, niseme na hili, ingawa si lalamiko. Wazee walipoondoka jioni ile niliiweka taa mbele ya saa ya ukutani nikazungusha mpaka kulia, nikazungusha mpaka kushoto. Saa haikurudi nyuma hata dakika moja. Nikazima nikaenda kukamua.

5. Kwamba mila zetu wenyewe zinaniruhusu na wazee wanajua.

Katika kikao kile kile niliambiwa kwamba kama sitaki kabisa kurithiwa, ipo njia ya nyumba ntobhu, yaani mama asiye na mtoto wa kiume anamwoa binti, binti huyo anazaa, na mtoto anakuwa wa nyumba ile. Sijaidharau njia hiyo. Nilifikiri juu yake kwa siku nne, hasa wakati wa palizi. Lakini ikiwa mila inakubali mwanamke awe mume ili nyumba isimame, sioni ni mlango gani unafungwa kopo la maziwa lisipite. Na binti wa watu atataka nguo, chumvi, na kwenda kwao wakati wa Pasaka. Taa inataka jua tu, na jua halina mkwe.

Nilipolisema hili baadaye, mzee mmoja alicheka mpaka akamwaga chai. Sikukusudia kuchekesha.

6. Kwamba mama mkwe wangu Bernadetha hakuulizwa, wakati yeye ndiye mkubwa kuliko wote walioketi.

Yeye haoni mbali siku hizi. Jioni hukaa barazani kwangu akitazama dirisha. Wiki taa ilipowekwa aliniita akaniambia, "Mwambie Nchagwa apumzike. Amechomelea tangu mchana." Nikamletea uji, akaupuliza, akasema tena, "Macho yataharibika." Tangu hapo ameanza kula vizuri. Kikao kinapotaka kuiondoa taa dirishani, naomba kikao hicho hicho kichague mtu wa kwenda kumweleza mama sababu. Si mimi.

7. Kwamba chai ya vikao vyote nimepika mimi.

Kutokana na hayo, naomba ofisi yako ifanye mambo yafuatayo kabla ya tarehe 28:

(a) Kwenye daftari la kaya, palipoandikwa mkuu wa kaya, iandikwe Taa. Umri, mwezi mmoja na wiki kadhaa. Kazi, ulinzi. Jinsia, Gloria apaache wazi. Nilikwenda kumuuliza, akaniuliza mara mbili kama niko makini, kisha akaomba nilete maandishi. Ndiyo haya.

(b) Taa isamehewe msaragambo, yaani kazi za pamoja za kijiji, kwa kuwa haina mikono. Badala yake nitaiazimisha shule kwa siku mbili kila wiki wakati nyani wanapovamia mahindi.

(c) Ikihitaji kupigwa picha ya kitambulisho, mpiga picha awe na subira, apige inapowaka. Akipiga inapozima atapata picha ya kopo.

(d) Nikiunga taa ya pili kwa ajili ya upande wa zizi, isihesabike kwamba nimeolewa mara mbili.

(e) Ukoo uandikiwe barua kwamba nyumba yangu ina mtu, na mimi sihami. Hili ndilo kubwa. Hata ukiyakataa mengine yote, naomba hili ulisome polepole.

Nakala ya barua hii nampelekea Mzee Nyangwine. Nitamsomea mwenyewe, kwa sababu miwani yake ilikanyagwa kwenye ghala langu siku ile ya majaribio na najisikia vibaya.

Kwa heshima nafunga hapa, kalamu inaanza kukwaruza. Nisalimie mama yako, mwambie sauti ya pili kwenye kwaya imepwaya tangu aanze kuumwa magoti. Msalimie Gloria, msalimie mgambo wa ofisi, wasalimie wajumbe wote wa halmashauri ya kijiji hata wale wawili walionicheka dukani. Wasalimie na wagonjwa mtakaowaona. Mama mkwe anakusalimia, anasema ulikuwa mtoto mnene.

Ni mimi mwananchi wako,
Ghati Nchagwa.

Tanbihi. Kabla sijaifunga bahasha nilitaka niandikie ofisi taa inakonyeza mara ngapi kwa dakika, ili fomu isiwe na pengo. Nikaiwasha, haikuwaka. Nimefungua kopo. Ule waya wa pale pa kuzungushia umechomoka, na mwisho wake umeota kutu ya kijani, si waya wa kukatika jana. Nadhani ni wazee walivyopokezana, ukabaki unashikilia kwa uzi mmoja.

Nimekaa nikafikiri lini niliiwasha mara ya mwisho. Palizi ilipoanza nilikuwa narudi nimechoka, naegesha jembe, nasahau hata kuiwasha. Nimemuuliza Tabitha, anasema dirisha halijakonyeza tangu tuanze kupalilia, alidhani nimeipumzisha. Nimehesabu kwenye kalenda, ni siku ishirini na mbili. Katika siku hizo hakuna ng'ombe aliyepotea wala mtu aliyevuka ua wangu. Wageni walibisha hodi, wakaitikiwa. Kisyeri alifika hapa mara tatu, akaishia kwenye mlango wa ua, na jana ameapa senta kwamba aliiona ikiwaka kwa hasira. Mama mkwe naye bado anatazama dirisha na bado anasema Nchagwa yuko kazini. Nimegundua kwamba muda huo ni mimi niliyekuwa nimekaa pale dirishani, nashona.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi namba tano sijui sasa yanasimama juu ya nini. Nimejaribu kuyapanga upya nimeshindwa, na karatasi imebaki hii tu. Taa nitaiunga tena, maana mchoro ni wa marehemu na sipendi kazi yake ilale imeharibika. Lakini kwenye daftari la kaya msiandike Taa. Muandike jina la aliyekuwepo nyumbani siku hizo ishirini na mbili. Nitafika ofisini Jumatatu saa mbili asubuhi kuweka saini. Kalamu nitakuja nayo.